Mwacheni Hondohondo na Kiota Chake

Leo sina singo, sina nakshi mpya ya hina, wala sina pishi la wali wa harusi. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe umeanzia kwa ndege.

Kuna klipu inazunguka kwenye makundi ya maharusi. Kama nyumbani kwenu kuna mwari, au wewe mwenyewe umeshatolewa mahari, basi umetumiwa na watu wasiopungua watatu: shangazi, rafiki wa skuli na somo mwenyewe. Kamera imetegwa mbele ya mti wenye shimo. Shimo limezibwa mpaka umebaki upenyo mwembamba kama tundu la kibubu. Ndani yumo hondohondo jike. Dume anakuja na tunda mdomoni, anampenyezea, anaondoka, anarudi tena. Nyuma inaimbwa kasida ya polepole, na juu ya picha yamebandikwa maneno ya kumfunza mwanamke: tulia ndani, usitoke, usidai, riziki yako itakufuata ulipo. Nusu dakika, imekwisha. Chini yake wanawake wanaandika mashaallah na kuwarushia wengine.

Mie ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Tabora, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Hondohondo kwangu si ndege wa kwenye simu. Asubuhi anapiga kelele juu ya miembe kama mtu anayedai deni, na ukitoka nje ya mji kuelekea misitu ya miombo unawakuta wawili wawili wakiruka kwa kupanda na kushuka, mdomo mkubwa umetangulia mbele. Klipu ile nimeichukia kwa sababu mbili: inamsingizia ndege, na inamdanganya biharusi. Naanza na ndege, maana yeye hana wa kumsemea.

Ukuta ule hajajengewa na mumewe. Jike anaingia mwenyewe, na kazi kubwa ya kuziba anaifanya yeye kutoka ndani, kwa udongo, mabaki ya chakula na kinyesi chake. Anaziba kwa sababu nje kuna maadui: nyoka, nyani, kenge, na hondohondo wengine wanaotafuta nyumba ya bure, kwani ndege hawa hawajui kuchonga shimo, wanategemea lililokwishakuwapo. Akishajifungia, manyoya ya mabawa na mkia yanamnyonyoka, anabaki hawezi kuruka. Sasa uzito wote uko nje, mgongoni kwa dume. Anapeleka panzi, tunda, jongoo, kinyonga, kutwa kucha, kwanza kwa mke na halafu kwa mke na watoto. Akizembea, kiota chote kiko hatarini. (Na kwa wanaopenda usafi: jike anageuka, anaulenga upenyo, anakirusha choo nje. Hilo nalo klipu haionyeshi.)

Kisha inakuja sehemu ambayo kila nikiitazama nacheka peke yangu. Baada ya wiki kadhaa, watoto wangali wadogo, hawajaota manyoya sawasawa, mama ameshaota mabawa mapya. Anaugonga ukuta kwa mdomo wake, anaubomoa, anatoka. Haombi ruhusa, wala dume hasimami mlangoni kumrudisha ndani. Watoto wanauziba tena upenyo wenyewe, wadogo vile vile, na kuanzia hapo baba na mama wote wawili wanatafuta chakula mpaka vifaranga wabomoe kwa zamu yao. Haya yamejulikana kwa sababu watafiti waliweka kamera na vioo ndani ya mashimo, wakakaa wakatazama msimu mzima. Aliyetengeneza klipu amechukua wiki za kazi ya ndege, akakata nusu dakika inayomfaa, akaitia kasida.

Tena huyo ni hondohondo mmoja. Binamu yake mkubwa, mumbi, yule mweusi mwenye ngozi nyekundu shingoni anayetembea chini kama mzee wa baraza, hazibi shimo kabisa. Jike anakaa wazi, na wanaomlisha ni dume pamoja na jamaa wengine wa kundi. Basi kwa nini somo hakumletea biharusi klipu ya mumbi, akamwambia bwana harusi kwamba ndugu zake wote wana zamu ya kumpikia mzazi? Mnaona wenyewe. Anayetafuta dalili kwa ndege huwa ameshajua anachotaka kusema, ndege anaokotwa baadaye.

Tipitipi mnamjua, yule tunayesema akilia mvua iko njiani. Katika jamaa zake yupo tipitipi mweusi wa mabondeni, na wataalamu wamemchunguza kwa miaka katika bonde la Usangu kule Mbeya. Jike ni mkubwa kuliko dume, anaimba, analinda eneo lake, na ana madume zaidi ya mmoja, kila mmoja na kiota chake. Akishataga anaondoka. Anayeatamia na kulisha ni baba. Nasubiri somo atakayeleta klipu hiyo usiku wa kumfunda mwari! Mlembe je? Tabora ni nchi ya asali, tuna mpaka chuo cha ufugaji nyuki, na mlembe ndiye ndege anayemwita mtu na kumwongoza mpaka kwenye mzinga wa porini. Watu wanamsifu kwa ukarimu. Lakini mlembe jike hutaga kwenye kiota cha ndege mwengine, na mtoto wake anazaliwa na mdomo wenye ncha kali zilizopinda. Claire Spottiswoode na mwenzake waliweka kamera za gizani ndani ya viota vya keremkerem huko Zambia, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona: kinda la mlembe, halijafungua hata macho, linawachoma makinda wenye nyumba mpaka wanakufa. Mama keremkerem anaendelea kumlisha muuaji. Tumfanye nani hapo awe mfano wa mke mwema?

Sisi Waislamu tumeambiwa tuwatazame ndege juu yetu wanavyokunjua na kukunja mabawa, na tumeambiwa kwamba viumbe hawa ni umma kama sisi. Umma una mambo yake. Kuwatazama ni ibada ya kuzingatia, sibishani na mtu kwa hilo, tena mie mwenyewe ni mtazamaji mkubwa. Ninachokataa ni kumfanya ndege shahidi wa uongo kwenye ndoa ya mtoto wa watu.

Huku Tabora naliona jambo hili lina historia ndefu. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Kazeh tarehe 7 Novemba. Baada yao wakaja Stanley na Livingstone, na tembe walilokaa liko Kwihara mpaka leo, nje kidogo ya mji. Waliandika sana juu ya nyumba za Waarabu na Waswahili wa Unyanyembe, unene wa kuta, mapaa ya udongo, vyakula waliyoletewa. Lakini walikaa barazani. Ndani walipokuwa wanawake hawakufika. Watu wa Zanzibar nao waliozana na watu wa hapa. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde binti wa mtemi Fundikira, na ndoa hiyo imeandikwa kwa faida iliyompatia bwana katika biashara. Karunde aliionaje ndoa yake, alijifunza kupika nini, aligombana na nani, alicheka na nani? Tuliloachiwa ni upenyo, na aliyeukata upenyo hakuwa yeye.

Sasa niseme lililonikalia kooni zaidi.

Kuna tai wawili Marekani, katika milima ya California, karibu na ziwa Big Bear. Wametiwa majina, Jackie na Shadow. Kamera iliwekwa juu ya msonobari mwaka 2015 na watu wa Friends of Big Bear Valley, na picha zinakwenda mubashara usiku na mchana. Nina dada zangu hapa Tabora na kule Unguja wanaowajua tai hawa kuliko wanavyomjua jirani wa mlango wa pili. Sawa, siwacheki, mie ni mmoja wao. Mwaka 2024 Jackie alitaga mayai matatu, mwezi Januari. Akaatamia. Theluji ikamwangukia mpaka akabaki kichwa tu, hakunyanyuka. Siku za kuangua zikafika, zikapita. Akaendelea. Shadow akimpokea zamu, akileta samaki, akileta vijiti kutengeneza kiota ambacho hakikuwa na kasoro. Mayai hayakuanguliwa, hata moja. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyo hivyo.

Jamani, watu walilia. Dunia nzima, na sisi humo. Niliona kwenye kundi letu mtu ameandika kwamba usingizi haumjii kwa kumfikiria Jackie. Mwengine alimwombea dua. Hakuna aliyemwambia Jackie labda ana jini. Hakuna aliyemuuliza anakula nini, amepigwa jicho na nani, au kabla ya Shadow alikuwa na nani. Hakuna aliyemnong'oneza Shadow kwamba kuna tai mwengine mdogo ng'ambo ya ziwa na mama yake ana haki ya kuona wajukuu.

Sasa mtu huyo huyo aliyekosa usingizi kwa ajili ya tai, kwenye arusi ya wiki ile ile, alimshika mkono mke wa kaka yake mbele ya watu, akamtazama tumboni, akamuuliza, "Vipi wifi, bado tu?" Mwaka wa nne huo wa ndoa. Yule mwanamke alicheka kama tunavyocheka wote, akasema dua zenu, kisha akaenda kukaa chooni muda mrefu. Mie nilikuwa nje ya mlango na kanga yangu mkononi, sikujua niseme nini.

Msinijibu juu ya hukumu za sharia, hizo zina wenyewe na sizibishi. Nazungumza juu ya ulimi. Kama moyo wako una nafasi ya kukaa miezi mitatu na ndege asiyejua kuwa upo, ukamvumilia bila kumuuliza lolote, basi nafasi hiyo ipo. Umeamua tu kuipeleka California, na wifi yako ukambakizia maswali. Mwaka 2025 Jackie aliangua watatu; mmoja alikufa kwenye dhoruba ya theluji, wawili wakakua na kuruka mwezi Juni. Tulifurahi, mie nilipika hata kaimati. Lakini lau asingeangua tena mpaka anakufa, Jackie angebaki Jackie, na sisi tungeendelea kumtazama. Hilo ndilo nataka mumpe wifi.

Na angalieni wenye kamera wanavyofanya. Kamera inapandishwa kabla ya msimu wa kutaga, ndege hayupo, ili asishtuke akakimbia kiota. Ikishapandishwa haiguswi, hata ikiharibika katikati ya kuatamia wanasubiri. Eneo la msitu kuzunguka mti wa Jackie linafungwa na serikali kila msimu, mtu haruhusiwi kusogea. Ndege analindwa na umbali kwa amri. Biharusi wetu je? Anavuliwa ushungi chumbani apakwe hina, simu tatu ziko usoni kwake. Analia akiagana na mama yake, yuko mubashara. Asubuhi ya fungate kuna mtu yuko mlangoni anarekodi sinia la chakula na sura za maharusi ili watu wakisie. Tumekatazwa kupelelezana, aya tunaisoma, kisha tunampelelea mwari mpaka kope zake. Nimeshahudhuria arusi ambayo biharusi aliomba kwa mdomo wake asipigwe picha, na wapigaji walikuwa ni shangazi zake. Tai ana askari wa msitu. Biharusi hana hata shangazi.

Nimeambiwa pia kwamba kutazama viota ni upuuzi wa kumaliza bando, na nimeambiwa na wanaume wanaotazama mpira dakika tisini na marudio yake. Hao sina haja ya kuwajibu.

Ninao wa kuwajibu: wanaosema tazama ndege wa kwenu, acha wa Wazungu. Wana haki nusu. Kamera za viota zilizotajika sana ziko mbali: tai wa Decorah kule Iowa, waliotazamwa na mamilioni ya watu mwaka 2011, vipanga wa chuo cha Cornell, waliowekewa kamera mwaka 2012. Porini kwetu Tabora bado hondohondo anatazamwa kwa macho, na ukitaka kumtazama huna budi uwe na mti. Hapo ndipo penye kisu. Mti wenye shimo ni mzee, umeoza katikati, na mwenye shoka anauona kuni zilizokauka tayari. Urambo, Kaliua, Sikonge, tumbaku inalimwa kwa wingi, na majani yanakaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, magogo kwa magogo. Mkaa tunaopikia biriani ya arusi nao una mti wake. Siwezi kumlaumu mkulima wa tumbaku anayelipa ada ya mtoto kwa jani lile, na mie napika kwa mkaa kama ninyi. Lakini anayelia kwa ndege wa Marekani huku hajui kama mti wa karibu na shamba la mume wake una kiota au hauna, kilio chake ni cha kwenye simu.

Na nyie mnaotoa zawadi ya arusi ya kizimba chenye kasuku wawili wadogo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mnaita ndege wa mapenzi: wale asili yao ni nchi hii hii, kutoka kusini mwa Ziwa Viktoria na Serengeti hadi nyika za Nzega. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu mengi kupelekwa ng'ambo, wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje. Najua kuna kisa cha yule mtoto na ndege wake mdogo ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimliwaza ndege alipokufa, na wanazuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga kwa ihsani. Sawa. Lakini pia tunacho kile cha safarini: masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akitandaza mabawa juu yao kwa dhiki, na Mtume alipomwona akauliza nani amemtia uchungu huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Aliyekupa kizimba muulize walizaliwa wapi.

Masomo nawaheshimu. Mie nilifundwa na bibi mmoja wa Ng'ambo, Ng'ambo ya Unguja maana Tabora nayo ina Ng'ambo yake, na aliyonifunza nayatumia mpaka leo. Hakuwa na klipu. Alinitazama mie, akanijua mkaidi wangu uko wapi na woga wangu uko wapi, akasema na hiyo. Kinachonitisha sasa ni somo anayemtumia mwari klipu saa nne usiku kwa sababu kukaa naye kunachosha. Mwari anakwenda na nusu dakika ya ndege aliyefungwa, na siku akihisi ukuta unambana anadhani ubaya ni wake, maana hondohondo mbona ametulia. Somo akikutumia ile klipu, dada, muulize kwa adabu, mashikamoo yote yametangulia: nani aliujenga ule ukuta, na nani aliubomoa?

Kwa wanaotaka kutazama: Big Bear wanataga Januari na Februari, na kama mayai yataangua ni Machi. Teremsha ubora wa picha chini kabisa na uzime sauti, bando litakuchukua mbali. Usiku wa kule ni mchana wetu, kwa hiyo asubuhi kwetu utamwona amelala na theluji mgongoni. Kwa walioko Tabora, hondohondo anaingia shimoni mvua zikishaanza. Ukimwona dume anarudi kwenye mti mmoja mara kwa mara na kitu mdomoni, simama mbali, usilete watoto wenye manati, na umwambie mwenye shamba kabla hajafika mwenye shoka.